Mwongozo: Namna ya kupima kama ushauri wa akili mnemba unamsaidia mtu kutambua SMS ya utapeli

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho unapofika, maswali ni yaleyale. Nahitaji washiriki wangapi? Lazima niwe na modeli (programu ya akili mnemba) yangu mwenyewe niliyoifunza? Naweza kuwatumia watu SMS za uongo nione nani atanasa? Majibu ya haraka: 36, hapana, na hapana kabisa. Maelezo yanafuata.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza au ya uzamili anayetaka kufanya utafiti mmoja kamili wa usalama wa taarifa unaomhusu binadamu, na wa mwalimu anayetaka kuufundisha maabara. Jaribio lenyewe ni hili: mtu anasoma SMS 40, nyingine za utapeli na nyingine halali, na kwa kila moja anatoa hukumu yake. Nusu ya SMS anazisoma peke yake, nusu nyingine akiwa na ushauri wa mfumo wa akili mnemba ambao mara nyingine unakosea. Mwishoni unajua mambo mawili: kama ushauri unamsaidia, na unamponza kiasi gani siku mashine inapokosea. Hilo la pili ndilo wengi hulisahau, na ndilo lenye thamani kubwa zaidi.

Jambo moja lishike tangu sasa hivi. Kinachopimwa ni ushauri wa mashine. Mshiriki hapimwi akili, hapewi marksi, wala hatoki chumbani akijiona mjinga. Ukiliweka hilo mbele, maamuzi mengi ya hapa chini yatajieleza yenyewe.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Barua ya kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chako. Ukiwa Kenya, ongeza leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu). Mtafiti anayetoka nje kuja Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia).
- SMS 60 za kuanzia, ili ubaki na 40 baada ya kuchuja.
- Watu wawili wa kuainisha SMS, kila mmoja peke yake.
- Kompyuta mpakato moja yenye LimeSurvey (programu ya kuandaa na kujaza dodoso). Inasakinishwa kwenye kompyuta yenyewe, kwa hiyo intaneti si lazima wakati wa jaribio.
- Excel au LibreOffice Calc kwa hesabu za awali, na jamovi (programu ya takwimu) kwa uchambuzi. LimeSurvey, LibreOffice na jamovi zote ni za bure.
- Bahasha 40 ndogo.
- Chumba tulivu chenye viti viwili, na dakika 45 kwa kila mshiriki.

Modeli huihitaji. Ushauri utauandika mwenyewe mapema, kwa sababu unataka kujua hasa mashine inakosea wapi na mara ngapi. Modeli halisi itakosea pale inapotaka yenyewe, na hutaweza kulinganisha washiriki.

Hatua ya 1: Omba kibali mapema

Kamati nyingi hukutana mara moja kwa mwezi au chini ya hapo. Maombi yanayorudishwa huwa na kasoro zilezile: hayasemi taarifa zitatunzwa wapi, na nani, hadi lini, na hayaelezi mshiriki ataambiwa nini mwisho wa jaribio. Andika hayo mawili kwa aya kamili. Taja sheria inayokuhusu: Tanzania ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Uganda pia ina yake ya mwaka 2019.

ONYO: Usitume SMS za utapeli wa majaribio kwenye simu za watu wasiojua kwamba wako kwenye utafiti. Kwanza ridhaa haipo. Pili, kujifanya kampuni ya simu au benki kunaweza kukuingiza kwenye makosa ya mtandao, ambayo Tanzania yana sheria yake ya mwaka 2015 na Kenya ya mwaka 2018. Tatu, mtu anaweza kumpigia simu ndugu yake kwa hofu, au kutuma pesa kweli kwa namba uliyoibuni bila kujua kwamba ni ya mtu fulani.

Hatua ya 2: Kusanya na safisha SMS

Hapa ndipo utafiti unapopona au kufa. Omba watu unaowafahamu wakupe SMS walizopokea, za utapeli na za halali. Ziandike upya, usitumie skrinshoti zao.

Kwenye SMS halali za miamala badilisha jina, kiasi, salio na namba ya muamala, ila mpangilio wa maneno uuache kama ulivyo. Kwenye SMS za utapeli ficha namba ya simu pia. Wapo wanaosema namba ya tapeli haina haja ya kulindwa. Inayo: laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine asiyejua lolote. Badilisha tarakimu tatu za mwisho ziwe nyota, na ufanye hivyo kwenye SMS zote, halali na za utapeli. Ukificha upande mmoja tu, nyota zenyewe zitakuwa jibu.

Linki zote zibadilishwe zielekee kwenye anwani za example.com, ambayo imetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, na namna ya kuziandika ifanane pande zote mbili. Kisha hifadhi kila SMS kama picha ya PNG, kwa fonti moja na upana mmoja, ili hakuna anayeweza kubofya kitu. Kwa mshiriki asiyeona, weka maandishi mbadala yanayosomwa na simu au kompyuta.

Mstari wa mtumaji lazima uonekane juu ya kila picha. Ni dalili ambayo watu huitazama sana: SMS ya "Umepokea Tsh 85,000" inayotoka kwenye namba ya kawaida inatofautiana na ileile inayotoka kwa jina la huduma. Weka pia SMS mbili au tatu za utapeli zenye jina la huduma kama mtumaji, kwa sababu jina hilo linaweza kughushiwa.

Usijaze "Ile hela tuma kwenye namba hii". Imezoeleka kiasi kwamba karibu kila mtu ataipata, na SMS ambayo kila mtu anaipata haikuambii chochote. Itumie kwenye mazoezi ya mwanzo. Kwenye jaribio lenyewe changanya: mwenye nyumba anayedai kodi kwa namba mpya, pesa "iliyotumwa kimakosa", ajira inayotaka ada ya fomu, mzigo uliokwama posta. Upande wa halali tafuta zile zinazofanana na utapeli: kampuni ya simu inayotangaza ofa kwa haraka haraka, ukumbusho wa mkopo, namba ya siri ya muda kutoka benki.

Wape waainishaji wawili SMS zote 60. Kila mmoja aandike "utapeli" au "halali" akiwa anajua chanzo cha SMS na ameelezwa vigezo. Zile wasizokubaliana zitupe, usizijadili.

Hatua ya 3: Unda seti mbili

Baada ya jaribio la awali (hatua ya 6) utabaki na SMS 40. Zigawe seti K na seti L, kila moja SMS 20: utapeli 10, halali 10. Seti zilingane kwa ugumu, kwa urefu wa ujumbe na kwa aina ya visa. Usiweke SMS zote za mikopo upande mmoja.

Hatua ya 4: Andika ushauri

Kwa kila SMS andika ushauri wa neno moja: "Mfumo unaona ujumbe huu ni: UTAPELI" au "HALALI". Usiongeze asilimia wala sababu. Sababu iliyoandikwa vizuri humshawishi mtu kwa uzuri wake, nawe utashindwa kujua kilichomshawishi ni nini. Kama maelezo ya mashine ndiyo unayotaka kuyachunguza, huo ni utafiti mwingine.

Katika kila seti ushauri uwe sahihi kwa SMS 16 na wenye makosa kwa SMS 4: mbili za utapeli zinazoitwa halali, na mbili halali zinazoitwa utapeli. Makosa yawekwe kwenye SMS za ugumu wa wastani. Ukiyaweka kwenye SMS iliyo wazi kabisa, mshiriki atacheka na hataiamini mashine tena.

Kwa sababu hiyohiyo, SMS nne za kwanza za kila sehemu zipangwe mapema na ziwe na ushauri sahihi. Zinazobaki 16 ndizo zichanganywe kwa nasibu.

Hatua ya 5: Pangilia makundi na fomu

Makundi ni manne:

- Kundi 1: seti K bila msaada, kisha seti L na ushauri
- Kundi 2: seti L bila msaada, kisha seti K na ushauri
- Kundi 3: seti K na ushauri, kisha seti L bila msaada
- Kundi 4: seti L na ushauri, kisha seti K bila msaada

Mpangilio huu unaondoa visingizio viwili: kwamba watu walifanya vizuri kwa sababu walishazoea, au kwa sababu seti moja ni rahisi. Una faida nyingine ambayo utaiona kwenye uchambuzi: kila SMS yenye ushauri mbaya, nusu ya washiriki wameisoma bila ushauri wowote.

Andika namba za makundi kwenye vikaratasi, 10 kwa kila kundi, tia kwenye bahasha, funga, changanya. Mshiriki anachukua bahasha mwenyewe. Usipange watu kwa macho.

Kwenye LimeSurvey, fanya kila SMS iwe kikundi chake cha maswali chenye picha na maswali mawili: "Ujumbe huu ni: utapeli / halali" na "Una uhakika kiasi gani, 1 hadi 5". Weka jina moja la kikundi cha nasibu kwa zile SMS 16 za sehemu husika, na lingine kwa sehemu ya pili. Chagua muonekano wa kikundi kimoja kwa kila ukurasa, zima kitufe cha kurudi nyuma, na washa kuhifadhi muda. Usipowasha muda kabla ya kuanza, haurudishwi.

Hatua ya 6: Jaribio la awali kwa watu 6

Tumia SMS zote ulizonazo, bila ushauri, na umwombe kila mtu aseme kwa sauti anachofikiria. Nyamaza. Ukiona ameduwaa mwambie tu "endelea kusema". Ondoa SMS ambayo wote sita wameipata na ile ambayo wote sita wameikosa. Utagundua pia maneno kwenye fomu ambayo watu hawayaelewi, na hayo ni mengi kuliko unavyodhani. Watu hawa sita wasirudi kwenye jaribio lenyewe.

Hatua ya 7: Tafuta washiriki

Kwa ulinganisho wa mtu na nafsi yake, tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), uwezo wa asilimia 80 wa kuiona na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kudhani tofauti ipo wakati haipo), unahitaji watu 34. Kwa kuwa makundi ni manne, lenga 36. Andaa bahasha 40, maana wapo watakaoacha katikati.

Usichukue wanafunzi wa TEHAMA peke yao. SMS hizi huwafikia wauza mitumba, mama lishe, mawakala wa pesa na wazee wenye kitochi, na wao ndio wanaopoteza pesa. Kama mtu hasomi vizuri kwenye skrini, msomee SMS kwa sauti moja ileile, bila kuweka mkazo, na andika kwamba alisomewa.

Hatua ya 8: Endesha kikao

1. Fomu ya ridhaa, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: utafanya nini, dakika ngapi, nini kitahifadhiwa, unaweza kuacha wakati wowote bila kupoteza fidia yako.
2. Maelezo ya kusoma neno kwa neno: "Utaona SMS. Nyingine ni za utapeli. Kwenye sehemu moja utaona pia ushauri wa mfumo. Mfumo unaweza kukosea." Sentensi ya mwisho isikosekane.
3. SMS tatu za mazoezi.
4. Sehemu ya kwanza, mapumziko ya dakika 3, sehemu ya pili.
5. Mahojiano mafupi: "Kuna mahali hukukubaliana na mfumo? Kwa nini?"
6. Ufafanuzi, dakika 10.

Ufafanuzi usiukatishe hata kama foleni ni ndefu nje. Umemwonyesha mtu SMS mbili za utapeli ukamwambia ni halali. Akiondoka hivyo, umemfundisha kuibiwa. Mpitishe kwenye SMS zote nne zenye ushauri mbaya, mwonyeshe dalili iliyokuwepo, na mweleze kwamba ushauri uliandikwa na wewe mapema, ukiwemo huo mbaya kwa makusudi. Kisha muulize tena kama bado anaruhusu majibu yake yatumike. Mpe pia namba ya kuripoti: Tanzania SMS ya utapeli inatumwa 15040; kwa mteja wa Safaricom Kenya ni 333.

Kuna washiriki walioibiwa kweli, na wengine wataanza kukusimulia. Sikiliza, simamisha saa, na mpe nafasi ya kuacha. Usiseme kamwe "hii ilikuwa rahisi".

Hatua ya 9: Tunza taarifa

Mshiriki ni S01, S02, na kuendelea. Orodha inayounganisha namba na jina ikae kwenye faili tofauti, mahali tofauti, iliyofungwa kwa programu ya 7-Zip kwa usimbaji wa AES-256 na nywila ndefu. Usiitume WhatsApp, hata kwa msimamizi wako.

Kuna mtego kwenye fidia: ukimtumia mshiriki pesa kwa simu, jina lake lililosajiliwa na namba yake vinabaki kwenye historia ya miamala yako pamoja na tarehe na saa ya kikao. Toa taslimu, asaini kwenye karatasi isiyo na namba ya S.

Hatua ya 10: Hesabu

Asilimia ya majibu sahihi haitoshi. Mtu anayejibu "utapeli" kwa kila SMS atakamata utapeli wote, kama kipimo cha malaria kinachomwambia kila anayepimwa kwamba anayo. Tumia d′, husomwa di-praimu, inayotenganisha uwezo wa kutofautisha na tabia ya kushuku.

Kwa kila mshiriki na kila sehemu, hesabu utapeli aliokamata na halali alizoziita utapeli kimakosa. Tuseme amekamata 8 kati ya 10, na ameshuku kimakosa 3 kati ya 10. Ongeza 0.5 juu na 1 chini:

- H (kiwango cha utapeli aliokamata) = 8.5 / 11 = 0.773
- F (kiwango cha halali alizoshuku kimakosa) = 3.5 / 11 = 0.318

Kwenye Excel, =NORM.S.INV(0.773) inatoa takriban 0.75, na =NORM.S.INV(0.318) inatoa takriban −0.47. Tofauti yake ndiyo d′: 1.22. Jumla yake ikigawanywa kwa −2 ni c, kipimo cha tabia ya kushuku: −0.14. Ikiwa c ni hasi, mtu anaelekea kushuku. Ikiwa chanya, anaelekea kuamini. Sufuri kwenye d′ ni kubahatisha, na yule anayeita kila kitu utapeli anapata sufuri hiyohiyo.

Linganisha d′ ya sehemu mbili kwa jaribio la t la jozi (linalolinganisha alama mbili za mtu yuleyule) kwenye jamovi. Kama tofauti zimeegemea sana upande mmoja, tumia jaribio la Wilcoxon, linalotumia mpangilio wa alama badala ya wastani. Linganisha c ya sehemu mbili pia kwa njia hiyohiyo. Ushauri unaoongeza shaka tu bila kuongeza uwezo utawafanya watu wapuuze hadi SMS za benki.

Kisha chukua SMS zenye ushauri mbaya. Tafuta kiwango cha makosa kwa waliozisoma na ushauri, na kwa waliozisoma bila ushauri. Pengo hilo ndilo madhara ya kuitegemea mashine. Liripoti kando kwa utapeli ulioitwa halali na kwa halali iliyoitwa utapeli, kwa sababu la kwanza linamwibia mtu na la pili linamsumbua tu.

Kwenye ripoti andika wazi kwamba nusu ya SMS zilikuwa za utapeli. Kwenye simu ya mtu uwiano ni tofauti sana, na utapeli unapokuwa nadra watu huukosa zaidi. Seti nzima ya SMS za utapeli usiichapishe. Weka mifano miwili au mitatu.

Mambo yakienda kombo

*Excel inaonyesha #NUM!* Umesahau kuongeza 0.5 na 1, na kiwango kimekuwa 0 au 1.

*d′ ni hasi kwa watu wengi.* Safu ya majibu imegeuzwa: "halali" imehesabiwa kama "utapeli". Kagua SMS moja kwa mkono.

*Kila mtu anapata 19 kati ya 20.* SMS ni rahisi. Simamisha, rudi hatua ya 2. Kuongeza washiriki hakutasaidia.

*Mshiriki amemaliza SMS zote kwa dakika tatu.* Hakusoma. Weka kanuni ya kuondoa mtu kabla ya kuona matokeo, kwa mfano nusu ya kurasa chini ya sekunde 3, na uifuate kwa wote.

*Hakuna anayefuata ushauri.* Angalia kama makosa ya mashine yameingia kwenye zile SMS nne za mwanzo.

*Mshiriki anauliza "ni ipi hii?"* Jibu moja kwa wote: "Jibu unavyoona wewe, mwishoni nitakuonyesha yote." Usitabasamu wala kutikisa kichwa, kaa nyuma yake.

*Umeme umekatika.* Kwa kompyuta mpakato yenye chaji hakuna tatizo. Kama imezima katikati ya sehemu, usiendelee pale alipoishia. Kamilisha ufafanuzi, lipa, tumia bahasha mpya kwa mtu mwingine.

Ukiwa unafundisha

Vipindi vitatu vya saa mbili vinatosha. Cha kwanza wanafunzi wanasafisha na kuainisha SMS. Ugomvi wa waainishaji ndio somo. Cha pili wanapimana kwa kadi za karatasi, ushauri ukiwa umeandikwa nyuma ya kadi. Cha tatu wanahesabu d′ kwa mkono kwa mtu mmoja kabla ya kugusa jamovi. Matokeo ya darasani ni mazoezi, yasiingizwe kwenye tasnifu ya mtu, kwa sababu mwanafunzi hawezi kukataa kwa uhuru mbele ya mwalimu anayemsahihishia mtihani.